Kalenda Inayorudi Jumapili

Kwenye kompyuta iliyowekewa eneo la Kenya, programu nyingi za kalenda huanza juma siku ya Jumapili. Ikiwekewa Tanzania, juma huanza Jumatatu. Ikiwekewa Oman, Jumamosi. Chanzo cha tofauti hiyo ni CLDR, hifadhidata ya desturi za nchi mbalimbali inayotunzwa na Unicode Consortium na kutegemewa na watengenezaji wengi wa programu. Ndiyo maana mhasibu wa Arusha aliyenunua laptopu Nairobi anaweza kukuta juma lake linaanzia siku ya mapumziko. Anafungua mipangilio, anachagua Jumatatu, anafunga. Kesho yake asubuhi Jumapili imerudi palepale.

Wengi wakifika hapo hubadilisha tena na tena, kisha huiondoa programu na kuisakinisha upya. Mara nyingi hiyo ni kazi bure. Thunderbird, kwa mfano, programu ya barua pepe yenye kalenda ndani yake, ikiondolewa huacha mipangilio ya mtumiaji ndani ya folda ya wasifu wake, na ikirudishwa huikuta humo pamoja na kasoro ileile. Kabla ya kugusa chochote, inafaa kujua mpangilio unahifadhiwa wapi: katika faili la kompyuta, katika kivinjari, au katika akaunti iliyo kwenye seva.

Kuna kipimo rahisi cha kupata jibu. Badilisha kitu kimoja tu, funga programu kwa njia yake ya kawaida, ifungue tena. Mabadiliko yakiwa yamepotea, programu imeshindwa kuandika, au kuna kitu kinachoyafuta inapowaka. Yakiwa yamebaki, zima kompyuta nzima na uiwashe. Yakipotea sasa, programu haina kosa. Maabara nyingi za kompyuta hutumia Deep Freeze, ambayo kila kompyuta inapowashwa huirudisha katika hali iliyogandishwa na msimamizi. Hapo hakuna mpangilio utakaodumu mpaka msimamizi mwenyewe aufungulie njia.

Umeme nao una sehemu yake. Programu hushika mabadiliko kwenye kumbukumbu ya muda kabla ya kuyaandika diskini, na baadhi huandika zinapofungwa tu. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, umeme ukikatika katikati ya kazi, inaweza kupoteza mpangilio uliochaguliwa punde tu, au kubaki na faili lililoandikwa nusu.

Thunderbird inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa haifichi chochote. Mipangilio yake iko katika faili liitwalo prefs.js, ndani ya folda ya wasifu inayofikiwa kupitia taarifa za utatuzi katika menyu ya Help. Siku ya kuanza juma imeandikwa humo kwa jina calendar.week.start: 0 ni Jumapili, 1 ni Jumatatu. Faili hilo likiwa limewekewa alama ya kusomwa tu, jambo linaloweza kutokea wasifu ukinakiliwa kutoka kwenye CD ya zamani, programu hukubali mabadiliko kwenye skrini na kushindwa kuyaandika. Dalili yake ni mafaili ya ziada kama prefs-1.js na prefs-2.js, au prefs.js.moztmp. Funga Thunderbird kabisa, ondoa alama ya kusomwa tu, futa hayo ya ziada, kisha jaribu tena.

Sababu nyingine hujificha zaidi. Pembeni ya prefs.js panaweza kuwa na faili la user.js, ambalo huwapo tu mtu akiliweka kwa makusudi, pengine fundi aliyetayarisha kompyuta za ofisi. Thunderbird hulisoma kila inapowaka, na kilichoandikwa humo hushinda chaguo la mtumiaji. Mstari mmoja wenye calendar.week.start na 0 unatosha kuirudisha Jumapili kila asubuhi. Na tangu toleo la 68 la mwaka 2019, kila usakinishaji huweza kuwa na wasifu wake, kwa hiyo nakala mpya iliyowekwa katika folda tofauti hufunguka ikiwa tupu ilhali mipangilio ya zamani ipo salama kando. Ukurasa wa about:profiles huonyesha wasifu upi unatumika.

Kwa Google Calendar inayofunguliwa kwenye kivinjari, siku ya kuanza juma huhifadhiwa katika akaunti. Intaneti ikikatika wakati wa kuchagua, chaguo halifiki kwenye seva. Mwenye akaunti mbili, ya kazi na ya nyumbani, ahakikishe kwanza yuko katika ipi. Outlook ina amri ya outlook.exe /cleanviews inayorudisha mionekano ya awali, lakini hufuta mionekano yote ambayo mtumiaji amejitengenezea, kwa hiyo iwe hatua ya mwisho. Na pale mpangilio unapofungwa na sera ya kampuni, hakuna ujanja wa mezani. Ni kuwaona watu wa TEHAMA.

Liko jambo linalofanana na kasoro, nalo si kasoro. Mtu wa Dar es Salaam au Kampala anachagua saa za mji wake, kisha anakuta pameandikwa Nairobi. Katika hifadhidata ya kimataifa ya majira, miji hiyo miwili imeunganishwa na Nairobi, na Windows nayo huonyesha Nairobi kwa ukanda huu wa UTC+3. Miadi haisogei hata dakika moja.

Anayetaka kufuta folda ya wasifu ili aanze upya ainakili nzima kwanza, programu ikiwa imefungwa. Kalenda za Thunderbird zilizo kwenye kompyuta pekee huhifadhiwa humohumo, katika faili la local.sqlite ndani ya calendar-data, na ukifuta folda bila nakala, miadi yote inakwenda nayo.