Historia ya Dunia Haianzi na Vasco da Gama

Shule nyingi za sekondari nchini Marekani hufungwa karibu na mwezi wa Juni, na hufunguliwa tena Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kwa vijana wengi huo ni wakati wa mapumziko, ama wa kutafuta kibarua. Lakini wapo ambao tangu mwanzo wa likizo hushika vitabu, kwa kuwa wamejiandikisha kwa masomo ya kiwango cha juu yanayosimamiwa na College Board, ambayo mitihani yake ya kwanza ilifanywa mwaka 1956. Alama hutolewa kuanzia 1 hadi 5, na vyuo vikuu vingi huwahesabia waliofaulu vizuri kuwa wamekwisha kulimaliza somo hilo. Kwa mzazi, huo ni upungufu wa karo.

Leo twapenda kulizungumzia somo moja kati ya hayo, yaani historia ya dunia, kwani linatuhusu sisi tuzungumzao Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2018 College Board ilitangaza kwamba somo hilo, ambalo lilikuwa likianzia nyakati za kale, lingeanzia mwaka 1450. Walimu na wanafunzi wengi walipinga. Walisema kwamba kuanzia hapo ni kuwafanya watu wa Afrika na Asia waonekane kuwa wameingia katika historia siku walipofikiwa na merikebu za Ulaya. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, mwanzo ulirudishwa nyuma hadi mwaka 1200.

Miaka hiyo 250 si kitu kidogo. Ndani yake mna safari ya hija ya Mansa Musa wa Mali, mwaka 1324. Mna Zimbabwe Kuu na kuta zake za mawe. Mna Kilwa, iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, alikuta bandari iliyokwisha kuzoeana na wafanyabiashara wa Arabuni na Bara Hindi.

Basi, kijana ajitayarishe vipi? Mtihani, unaofanywa mwezi wa Mei, una maswali 55 ya kuchagua jibu, ambayo hupewa dakika 55. Una maswali mafupi matatu, na insha mbili. Insha moja hujengwa juu ya nyaraka saba ambazo mtahiniwa hajui zitakuwa zipi. Kwa hiyo kukariri peke yake hakutamwokoa.

Kwanza, yafaa ajenge mifupa ya somo: achore ramani ya pepo za kaskazi na kusi na njia za biashara, na aandike mfululizo wa miaka michache iliyo mikuu. Nyama ya habari itashika baadaye. Pili, ajizoeze kuihoji kila hati: nani aliyeiandika, lini, kwa ajili ya nani, na kwa nini?

Tuchukue mfano wa Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Kitabu chake kinausifu mji huo kwa uzuri, lakini kinasema umejengwa kwa mbao. Hata hivyo, Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, ambayo magofu yake yangaliko, ni ya mawe ya matumbawe. Je, msafiri alidanganya? Tusiharakishe kuhukumu. Habari zake alimsimulia katibu, Ibn Juzayy, na kitabu kilikamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya safari hiyo. Huenda kumbukumbu ilififia. Huenda nyumba za watu wengi zilikuwa za miti kweli. Kijana awezaye kuupima ushahidi namna hiyo, kisha akaandika hoja yake kwa ukurasa mmoja kila juma, ataingia darasani akiwa tayari.

Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Ikiwa kijana wa Chicago atatumia likizo yake kujifunza habari za Kilwa, ni vema kijana wetu naye asingoje kuulizwa na mgeni ndipo aijue. Magofu yangali yamesimama, na wazee wenye masimulizi wangalipo. Likizo ijayo na iwe yao.