Pumu: kwa nini moshi wa udi humbana mgonjwa kifua?

Ndani ya njia za hewa mna ncha za neva zilindazo mapafu mfano wa bawabu mlangoni. Zikiguswa na moshi, vumbi au baridi, hupeleka habari kwenye ubongo. Amri hurudi kupitia neva iitwayo vagasi, ambayo hutoa kemikali ya asetilikolini. Kemikali hiyo ikifika kwenye vipokezi vya misuli ya njia za hewa, misuli hujikaza.

Kwa mtu mwenye afya, hiyo ni kinga. Lakini njia za hewa za mwenye pumu zimevimba, na neva zake ni nyepesi kushtuka. Hivyo moshi kidogo tu wa udi au ubani huweza kumbana kifua.

Misuli hiyo ina vipokezi vingine, beta-2, ambavyo kazi yake ni kuilegeza. Salbutamoli ya kuvuta hufanya kazi hapo. Hata hivyo, haiondoi uvimbe. Huo huhitaji dawa ya steroidi ya kuvuta, kama atakavyoelekeza daktari.

Tahadhari: propranololi, dawa ya moyo na presha, hufunga vipokezi vya beta-2. Mwambie daktari kuwa una pumu kabla hajakuandikia dawa, hata ya matone ya macho.

Nyumba yenye mgonjwa wa pumu isifukizwe. Kunukia ni jambo jema, lakini kusimdhuru mwenzio. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mpelekeni hospitali mara moja.