Bibi Anataka Kwenda Nyumbani: Utaijuaje Nyumba Nzuri ya Wazee Wenye Demensia?

Chukua mfano huu. Ni saa kumi na nusu jioni, mwezi wa Desemba, kwenye nyumba ya kutunzia wazee mahali fulani Uingereza. Nje giza limeshaingia. Bibi mmoja wa miaka 84 amesimama mlangoni na mkoba wake mkononi, anavuta kitasa. Anasema anakwenda kuwachukua watoto shule. Watoto wenyewe sasa wana miaka hamsini na kitu. Mhudumu anamwambia, "Watoto wako wameshakuwa wakubwa, rudi ukae." Bibi anakasirika. Mhudumu anamshika mkono, na bibi anamzaba kofi. Usiku huo kwenye faili inaandikwa: mkazi ni mkali, daktari aitwe.

Wengi mnaosoma hapa mna dada, shangazi au rafiki anayefanya kazi hiyo Uingereza au Marekani. Mpigie simu akitoka shifti ya usiku, atakueleza visa vya namna hii mpaka salio likuishie. Leo tuulize jambo moja tu: kinatakiwa kutokea nini baada ya lile kofi? Mapazia mazuri, televisheni kubwa na maua ya mapokezi hayakuambii sana juu ya nyumba ya wazee. Kinachofanyika baada ya kofi kinakuambia mengi.

Tuanze na njia rahisi, yaani kidonge. Kuna kundi la dawa zinazoitwa antisaikotiki, kama haloperidoli na risperidoni. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye skizofrenia, wanaosikia sauti na kuona vitu visivyokuwepo. Kwa miaka mingi zikawa pia dawa ya kuwatuliza wazee wenye demensia. Na kweli zinatuliza. Mzee analala, hapigi kelele, havuti kitasa. Shifti inapita salama.

Tatizo ni kinachoendelea ndani ya mwili. Dawa hizi huziba vipokezi vya dopamini kwenye ubongo, na dopamini haihusiki na mawazo tu. Inahusika pia na mwendo. Mzee anakuwa mkakamavu, anaburuta miguu, anaanguka. Anasinzia hadi hanywi maji ya kutosha. Akila akiwa nusu usingizi, chakula kinaweza kupita njia ya hewa, na nimonia inafuata. Hatari ya kiharusi nayo inapanda. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipitia majaribio 17 ya dawa mpya za kundi hili kwa wazee wenye demensia, mengi yakiwa ya wiki 10 hivi. Kati ya waliopewa dawa, asilimia 4.5 walifariki. Kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, asilimia 2.6. FDA ikaagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa hizo, na mwaka 2008 onyo likaongezwa kwa dawa za zamani, haloperidoli ikiwemo.

Unaweza kusema, tofauti ya asilimia mbili hivi si kubwa. Basi tazama jaribio la Uingereza lililoitwa DART-AD, ambalo matokeo yake ya muda mrefu yalitoka 2009. Wazee 165 wenye ugonjwa wa Alzheimer, waliokuwa tayari wanameza dawa hizi kwenye nyumba za wazee, waligawanywa kwa kura: wengine waendelee, wengine wabadilishiwe wapewe vidonge vitupu. Baada ya miaka 2, kwenye kundi lililopangiwa kuendelea, waliokuwa hai walikuwa asilimia 46. Kwenye kundi la vidonge vitupu, asilimia 71. Baada ya miaka 3 ikawa 30 kwa 59. Jaribio lilikuwa dogo, hilo tulikubali, lakini pengo la namna hiyo huwezi kulifumbia macho.

Mwaka huohuo Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti. Alikadiria kwamba watu wenye demensia wapatao 180,000 nchini humo walikuwa wanapewa dawa hizi kwa mwaka, na waliopata nafuu ya maana hawakuzidi 36,000. Vifo vya ziada alivikadiria kuwa 1,800 kila mwaka. Serikali ikashtuka, madaktari wakabanwa, na ukaguzi wa kitaifa ukaonyesha kwamba walioandikiwa dawa hizi Uingereza walishuka kutoka asilimia 17 hivi mwaka 2006 hadi karibu asilimia 7 mwaka 2011. Korona ilipokuja na milango ikafungwa, ndugu wakawa hawaruhusiwi kutembelea, matumizi yakapanda tena. Hapo utaona dawa hizi zilikuwa zinaziba pengo la nini.

Haya, kidonge tumekiweka pembeni. Tufanye nini na bibi yetu?

Kwanza tuulize kama anaumwa. Hili ndilo jambo ambalo mimi lilinishangaza zaidi nilipoanza kusoma habari hizi, kwa sababu ni jepesi mno. Mtu mwenye demensia iliyokomaa anaweza kuwa na goti lililochakaa, jino bovu, choo kigumu cha siku nne au maambukizi ya mkojo, na asiweze kusema "naumwa hapa". Maneno yameondoka lakini maumivu yamebaki. Ukimgeuza kitandani anapiga kelele, ukimvalisha nguo anakusukuma. Wewe unaona ukali. Yeye anahisi bega linachomwa.

Watafiti wa Norway, wakiongozwa na Bettina Husebø, walilijaribu wazo hili kwenye nyumba 18 za wazee, wakiwa na wakazi 352 wenye demensia na fadhaa kubwa. Nusu ya makundi walitibiwa maumivu kwa hatua, wakianza na dawa nyepesi, na nusu wakaendelea na matunzo ya kawaida. Matokeo yalitoka 2011: baada ya wiki 8, fadhaa ilipungua kwa asilimia 17 zaidi upande wa waliotibiwa maumivu. Na wengi wao dawa waliyopewa ilikuwa ipi? Parasetamo. Ileile ya dukani.

Lakini unapimaje maumivu ya mtu asiyeweza kujieleza? Kuna vipimo vya kutazama. Kimoja kinaitwa PAINAD, na mhudumu anaweza kujifunza kukitumia kwa muda mfupi. Unamtazama mzee katika mambo matano: anavyopumua, sauti anazotoa, uso wake, mwili wake ulivyokaa, na kama ukimbembeleza anatulia. Kila jambo linapewa 0, 1 au 2. Jumla ikipanda kuelekea 10, una sababu ya kuita daktari, na safari hii unamwambia, "nadhani anaumwa," siyo "amekuwa mkali". Sentensi hizo mbili zinamfikisha daktari kwenye dawa tofauti kabisa.

Kuna jambo jingine hapo. Mzee akibadilika ghafla, jana alikuwa vizuri na leo haeleweki, hiyo kwa kawaida siyo demensia yenyewe. Demensia huenda polepole, miezi na miaka. Mabadiliko ya siku moja au mbili yanataka kutafutiwa chanzo: maambukizi, upungufu wa maji, dawa mpya iliyoongezwa juzi. Nyumba ambayo kila kitu inajibu kwa "ndiyo demensia yenyewe hiyo" inaweza kumwacha mtu afe kwa nimonia inayotibika.

Tuseme bibi amepimwa na hana maumivu. Inayofuata ni mazingira, na hapa sayansi inakuwa tamu. Ugonjwa wa Alzheimer hauchukui kumbukumbu tu, unapunguza pia uwezo wa ubongo kutofautisha rangi iliyofifia na inayoizunguka. Viazi vilivyopondwa juu ya sahani nyeupe, juu ya kitambaa cheupe, kwake ni ukungu mtupu. Kikundi cha watafiti wa Boston kiliwabadilishia wagonjwa vyombo wakapewa vya rangi nyekundu iliyokolea, na mwaka 2004 kikaripoti kwamba chakula walichokula kiliongezeka kwa asilimia 25 na vinywaji kwa asilimia 84. Wagonjwa walikuwa tisa tu, kwa hiyo usiifanye sheria. Ila sahani nyekundu haina madhara na bei yake si kitu. Kwa mantiki hiyohiyo, zulia jeusi mbele ya mlango linaweza kuonekana kama shimo, na sakafu inayong'aa kama maji. Mzee anayegoma kuvuka pengine anaogopa kuzama, bwana.

Na ile saa kumi na nusu? Kuna wazee wengi wenye demensia ambao fadhaa yao huzidi jioni. Uchovu wa siku nzima, mwanga unaopungua, saa ya mwili iliyoharibika, na wakati huohuo wahudumu wanabadilishana shifti, huku na huku watu wanavaa makoti na kuondoka. Ukiwa huna kumbukumbu ya leo, ukawaona wote wanakwenda kwao, wewe ungefikiria nini? Ungetafuta mkoba.

Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bradford, alitumia miaka mingi akikaa kwenye nyumba hizi na kutazama tu. Kitabu chake cha 1997 kiliorodhesha mambo madogo ambayo wahudumu, wengi wao watu wema, huwafanyia wazee bila kujua: kuwasemesha kama watoto, kuwaharakisha, kuwadanganya, kuzungumza juu yao kana kwamba hawapo. Alidai kwamba sehemu ya kile tunachokiita dalili za demensia inatengenezwa na namna hiyo ya kutendewa. Wapo waliomwona anazidisha, na ni kweli ubongo wenyewe unaharibika, hakuna tabasamu litakalorudisha seli. Lakini rudi kwenye mlango wetu. Mhudumu angesema, "Watoto wako wanaitwa nani? Yupi alikuwa mtundu?" huku wanatembea pamoja taratibu kuelekea kwenye kiti na taa, huenda kofi lisingekuwepo. Aliyezoea kazi hii anajua kwamba bibi anaposema "watoto" mara nyingi anasema "nina kazi ya kufanya, kuna mtu ananihitaji".

Unaweza kudhani basi suluhisho ni kufuta vidonge na mambo yatanyooka. La. Kundi la watafiti la Clive Ballard lilijaribu kwenye nyumba 16 za Uingereza. Madaktari wakapitia dawa za wakazi, matumizi ya antisaikotiki yakapungua kwa nusu. Ila pale walipopunguza dawa bila kuongeza kitu kingine, dalili za fadhaa na wasiwasi zilikuwa mbaya zaidi. Walipopunguza dawa na papo hapo wakaongeza muda wa kuzungumza na kufanya shughuli na wakazi, hali hiyo ilizuilika, na vifo vikapungua. Baadaye wakafanya jaribio kubwa zaidi, nyumba 69 na wakazi 847, kwa miezi 9. Wahudumu walifundishwa kumjua kila mkazi na kupanga naye shughuli anazozipenda. Ubora wa maisha ukapanda, fadhaa ikapungua, na gharama zikawa chini kuliko za matunzo ya kawaida. Kiasi cha mazungumzo na shughuli kilichohusishwa na mafanikio hayo kilikuwa kama saa moja kwa wiki. Kwa wiki!

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Mwongozo wa NICE wa 2018 unasema antisaikotiki zitolewe tu kama mzee anaweza kujidhuru au kudhuru wengine, au ana mateso makali. Ziwe za kiwango cha chini, na zipitiwe upya angalau kila wiki 6. Ni mwongozo mzuri. Lakini sheria ya Uingereza haitaji idadi ya wahudumu kwa wakazi, inasema tu wawepo "wa kutosha". Usiku mmoja, wahudumu wawili, wazee thelathini. Dada yako anajua kabisa kwamba bibi anataka kusikilizwa. Kengele tatu zinalia.

Kwetu nyumba za namna hii ni chache, wengi wanatunzwa na wanao na wajukuu. Usidhani kwa hiyo ugonjwa haupo. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, ulikuta kama watu 6 katika kila 100 waliofikisha miaka 70 wana demensia. Goti la bibi wa Hai linauma kama la bibi wa Leeds, na haloperidoli iko kwenye maduka ya dawa ya huku pia. Kabla hamjasema amerogwa, au kwamba yeye ndiye mchawi, mtazameni meno, masikio, choo na orodha ya dawa.

Kama una ndugu anayeingia kwenye nyumba huko ng'ambo, kaa pale kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, usiende asubuhi. Waulize dawa zake zilipitiwa lini mara ya mwisho, na nani alipitia. Waulize wanapimaje maumivu ya asiyesema. Wakikutazama bila jibu, umeshajibiwa. Na kama Kiingereza alijifunza ukubwani, waandikie kwenye karatasi maneno kumi ya lugha yake ya kwanza, kwa sababu lugha iliyoingia mwisho mara nyingi hutangulia kuondoka. Maji. Naumwa. Choo. Baridi. Na wafundishe kusema shikamoo, akiitikia marahaba watajua bado yupo.