Fahamu: Mvutano wa Uingereza kuhusu kumsaidia mgonjwa kufa

Juni 20, 2025, wabunge wa Uingereza walipitisha kwa kura 314 dhidi ya 291 muswada wa mbunge Kim Leadbeater wa kuruhusu mgonjwa asaidiwe kufa katika England na Wales, ukaenda Bunge la Mabwanyenye.

Muswada huo ulimhusu nani?
Mgonjwa wa miaka 18 na zaidi, mwenye akili timamu, anayetarajiwa kufariki ndani ya miezi sita. Madaktari wawili wangemchunguza, kila mmoja kivyake. Kisha jopo la mwanasheria, daktari wa magonjwa ya akili na ofisa ustawi wa jamii lingeamua. Dawa angeitumia mwenyewe. Daktari asingeruhusiwa kumnywesha wala kumchoma sindano.

Sheria iliyopo, ya 1961, inasemaje?
Anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Wanabishania nini?
Watetezi wanasema mgonjwa asilazimishwe kuteseka. Wapinzani wanahofia wazee na walemavu watajiona mzigo kwa familia, hasa kwa kuwa vituo vingi vya tiba shufaa, ya kupunguza mateso ya mgonjwa, hutegemea michango na hivyo huduma yake si ya uhakika.

Kwingine je?
Oregon, Marekani, imeruhusu tangu 1997, nayo kwa kigezo cha miezi sita. Uholanzi, iliyoruhusu mwaka 2002, haidai mgonjwa awe karibu na kufa.