Baraza Halisomewi

Nimeketi katika mabaraza mengi mjini Garissa, na tangu hapo nimekoma kuamini kwamba hotuba mbovu huletwa na sauti mbovu. Katika mojawapo, mgeni wa heshima aliwataja waheshimiwa wote mmoja mmoja, akatangaza kuwa itifaki imezingatiwa (nasi tulikwisha kuizingatia robo saa nzima!), kisha akafungua karatasi na kusoma kwa Kiingereza. Kila aya yake ndefu ilitoka kinywani mwa mkalimani ikiwa sentensi moja ya Kisomali. Punde si punde macho yote yakamhamia mkalimani. Ilhali lililojadiliwa lilikuwa karo za watoto ambao mifugo ya wazazi wao ilikuwa imeteketea kwa ukame. Hapana aliyekuja kusinzia, lakini walisinzia.

Ndipo akainuka mzee mmoja na bakora yake. Alinyamaza hadi minong'ono ikatulia, akatoa nusu ya methali na kuiacha hapo, wenziwe wakaimalizia. Tangu hapo kila alipotua walimwitikia "haye", naye akawa anaupima mwitikio huo: ukififia, anabadili mfano. Mwishowe akauliza ni watoto wangapi watakaolipiwa, na lini. Jibu halikuwamo katika karatasi ya mgeni.

Mtaalamu wa lugha hawezi kulipuuza jambo hili. Kisomali kilipata hati rasmi nchini Somalia mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo mashairi na hukumu vilihifadhiwa vifuani mwa watu. Katika gabay, utungo wao mkuu, sauti moja ya mwanzo wa neno hurudiwa mstari baada ya mstari, hata mistari ikifika mia. Vina vyetu Waswahili hukaa mwishoni mwa vipande. Vyao hukaa mlangoni mwa maneno. Msikilizaji aliyelelewa hivyo hujua sauti inayokuja, akaingoja. Mzungumzaji asiyempa cha kungoja amempoteza.

Wala ufundi huu si wa wazee wa kiume peke yao. Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alishirikiana na wanawake wenziwe wakati koo zilipokuwa zikiuana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walianzia sokoni, wakitaka mwanamke wa ukoo wowote auze na kununua pasipo hofu, kisha wakawaendea wazee. Mwaka 1993 wazee walitia sahihi Azimio la Al Fatah. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011. Mbele ya watu waliotoka kuzika, karatasi ingefaa nini?

Shuleni, nasikitika kusema, hotuba tumeifanya insha. Mwanafunzi huiandika, akaweka alama za kunukuu mwanzo na mwisho, akapata maksi zake, asiitamke kamwe. Walimu wenzangu watanisamehe, maana nami ni mkosaji. Nilipohadhiri Garissa kuhusu mazungumzo, nilisoma maandishi yangu tangu mwanzo hadi tamati. Binti mmoja akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, ungekuwa unatueleza sisi, ungesemaje?"

Nilivua miwani, nikaanza upya.