Kilo Zilizovunwa Chini ya Maji: Akili Mnemba na Daftari la Shamba

Vijana wa kikundi kimoja hapa Ngorongo waliniletea madaftari matatu: mpunga, mahindi na ufuta. Walitaka muhtasari wa misimu minne wa kuambatanisha na maombi ya mkopo, na zilibaki siku mbili. Kwa mkono na kikokotoo tusingemaliza. Tukapiga picha kurasa, tukampa msaidizi wa akili mnemba kwenye simu, na chai haijapoa jedwali likawa tayari: tarehe, shamba, ekari, kilo, mauzo, gharama.

Furaha tupu. Halafu mmoja wao akauliza, "Bwana shamba, hizi kilo za masika 2024 zimetoka wapi?"

Nani huku kasahau Aprili 2024? Mto Rufiji ulifurika, mashamba ya bondeni Rufiji na Kibiti yakazama. Kwenye daftari, mistari ya mpunga na mahindi ya bondeni ilikuwa mitupu. Msaidizi akaona pengo, akachukua wastani wa misimu mingine, akajaza. Karatasi ikawa inaonyesha mavuno kwenye shamba lililokuwa chini ya maji! Ukiipeleka kwa afisa mikopo anayelijua bonde hili, unaonekana muongo. Asipogundua ni mbaya zaidi, maana utakopa kwa kipato ambacho hakipo.

Kosa lilikuwa letu pia, hatukumwambia kitu. Kujaza pengo kwa wastani ni njia inayotumika kwenye takwimu pale rekodi zinapopotea. Ila kwetu hakuna kilichopotea: mavuno yalikuwa sifuri na sababu inajulikana. Mstari mtupu wa mafuriko na mstari mtupu wa katibu aliyesahau kuandika vinafanana kwenye picha. Anayejua tofauti ni wewe uliyekuwa shambani.

Tukarudia, safari hii maagizo kwanza, Kiswahili cha kawaida tu:

"Usijaze nafasi iliyo wazi, andika HAKUNA REKODI. Ekari usizigeuze hekta. Gunia la mahindi ni kilo 100; palipoandikwa lumbesa weka alama, usikadirie. 3/4 ni tarehe 3 Aprili. Mlau ni msimu wa kupanda maji yakishuka bondeni, usiuchanganye na masika wala vuli. Mwisho, orodhesha kila ulichobadilisha."

(Lumbesa ni marufuku, najua. Lakini iko kwenye daftari, tufanyeje?)

Hilo agizo la mwisho ndilo lililotuokoa. Tulipitia orodha mstari kwa mstari, daftari mkononi, tukakuta 7 mbili zimesomwa kama 1 na gharama moja ya palizi imeingizwa mara mbili. Kisha tukachagua ukurasa mmoja, tukaujumlisha wenyewe kwa kikokotoo. Ukigoma kulingana, usiendelee na kurasa nyingine.

Jambo jingine: kurasa zenye majina na namba za simu za wanachama tulizifunika kabla ya kupiga picha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya mwenzako si yako kuigawa.

Pale penye masika 2024 vijana wakaandika kwa mkono wao: "Mafuriko, hakuna mavuno." Chini yake yakafuata mahindi ya mlau waliyopanda maji yalipopungua. Wastani wa kipato ulishuka, wakapunguza na kiasi cha mkopo walichoomba. Maombi yalipelekwa Ijumaa, majibu bado.