Rangi Tatu Ukutani: Namna ya Kuiona Hatari kwa Kutupa Jicho Mara Moja

  Leo tutazungumza kuhusu jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya. Tutajifunza kutengeneza ishara ya ukutani, itakayomwonyesha kila mtu wa nyumbani kama mtoto yuko salama au yuko hatarini. Shika kalamu na karatasi, kwani kuna mambo utakayotaka kuyaandika.

Hebu mfikirie dereva wa matatu. Akitaka kujua kama mafuta yanaisha, hasimamishi gari akasoma kitabu. Hutupa jicho kwenye mshale ulio mbele yake, na mara moja anajua kama ataendelea au ataingia kituo cha mafuta. Mshale ule una kazi moja tu, una mahali panapoonyesha hatari, na dereva anajua la kufanya ukifika pale. Hayo mambo matatu ndiyo tunayoyataka katika ishara ya afya.

Kwa nini tuyatake nyumbani? Kwa sababu mtoto haachi kuugua mama anapokwenda shambani au sokoni. Anayebaki naye huenda ni nyanya asiyejua kusoma, au dada wa darasa la tano. Ukimwambia nyanya kwamba mkono wa mtoto uko chini ya sentimita 11 na nusu, umempa nambari tu. Ukimwonyesha rangi nyekundu na kumwambia, "Ukiona hii, mpeleke leo," umempa uwezo wa kuokoa maisha.

Wataalamu wa afya wametumia njia hii kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950, daktari Mwingereza aitwaye David Morley alifanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, nchini Nigeria. Huko alitengeneza chati ya ukuaji wa mtoto, ambayo mama mwenyewe aliitunza nyumbani. Chati kama hiyo imo katika kijitabu cha mama na mtoto unachopewa kliniki. Huhitaji kusoma kila nambari iliyomo. Tazama mstari wa mtoto wako: ukipanda, anakua, ukilala, kuna jambo, ukishuka, usingoje tarehe ya kliniki.

Mfano mwingine uko kwenye chupa ya chanjo. Chupa nyingi zina alama ya duara lenye mraba mdogo ndani yake. Alama hiyo ilianza kutumika mwaka wa 1996 kwenye chanjo ya polio ya matone. Chanjo ikiwa nzuri, mraba huwa mweupe kuliko duara. Joto linapoizidi, mraba huingia weusi polepole, wala hauwezi kurudi kuwa mweupe. Mraba ukilingana na duara kwa rangi, au ukiwa mweusi zaidi, muuguzi haitumii chanjo hiyo. Hata aliye mbali na mashine za maabara hutambua kwa jicho tu.

Sasa tuje kwenye utepe wa kupima mkono wa mtoto. Huu hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, yaani kabla hawajatimiza miaka mitano. Hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Utepe usibane wala usilegee. Sentimita 12.5 na zaidi ni kijani, mtoto yu salama. Kutoka 11.5 hadi chini kidogo ya 12.5 ni manjano, lishe yake imepungua. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na huo ni utapiamlo mkali. Muombe mhudumu wa afya ya jamii au muuguzi akufundishe kupima. Usijitengenezee utepe wa kukisia, kwani kosa dogo la kipimo hubadilisha rangi.

Baada ya kujifunza, tengeneza chati ya ukutani hivi. Chukua karatasi kubwa, hata mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita. Chora mistari miwili ya kulala ili upate sehemu tatu. Ya juu ipake rangi ya kijani, ya katikati manjano, ya chini nyekundu. Kila juma, siku ile ile, mpime mtoto na uweke nukta kwenye rangi iliyoonekana. Chini ya nukta andika tarehe na kipimo, kwa ajili ya muuguzi. Ziunganishe nukta kwa mstari. Zikianza kuteremka, kila anayeingia nyumbani ataona.

Yako mambo matano ya kuzingatia.

Kwanza, karatasi moja iwe na mtoto mmoja na jambo moja. Ukichanganya lishe, chanjo na tarehe za kliniki pamoja, jicho halitajua litue wapi.

Pili, usitegemee rangi peke yake. Wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Kwa hivyo ongeza umbo: duara kwenye kijani, pembetatu kwenye manjano, na msalaba mkubwa kwenye nyekundu.

Tatu, kila rangi iwe na kitendo chake. Kijani: endelea kumlisha vizuri. Manjano: mpeleke kliniki juma hili. Nyekundu: mpeleke kituo cha afya leo, hata kama anacheza na kucheka. Chora picha ya kituo cha afya kando ya nyekundu, kwa ajili ya asiyesoma. Rangi isiyo na kitendo ni pambo tu.

Nne, tarehe isikosekane. Nukta ya kijani ya miezi mitatu iliyopita haikuambii hali ya mtoto leo. Mchague mtu mmoja wa kuijaza, na mwingine wa kumkumbusha.

Tano, ijaribu. Mwite mtu ambaye hukumweleza lolote, umuonyeshe nukta kwenye nyekundu, umuulize, "Ungefanya nini?" Akikosea, usimcheke. Chati ndiyo iliyokosea, na inafaa uibadilishe.

Hata hivyo, wapendwa, kumbukeni kwamba kila ishara huona jambo moja tu. Alama ya chupa ya chanjo huona joto, lakini haioni kama chanjo iliganda kwa baridi. Vivyo hivyo, utepe huona wembamba wa mkono, lakini hauoni uvimbe. Bonyeza miguu yote miwili ya mtoto kwa kidole gumba kwa muda wa sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke hospitalini hata kama utepe ni kijani. Pia mkimbize mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki. Hapo usitafute chati kwanza.

Nikupe na onyo kuhusu ubao wa kijiji. Vikundi vingi vya afya ya jamii huwa na ubao unaoonyesha hali ya eneo lao, kwa mfano watoto wangapi wamekamilisha chanjo. Hilo ni jema. Lakini ubao wa hadharani uonyeshe idadi, si majina. Jina la mgonjwa, au la mama ambaye mtoto wake yuko kwenye nyekundu, halifai kuandikwa mbele ya watu. Mama akiaibishwa leo, kesho atamficha mtoto, na ubao utakuwa wa kijani huku watoto wanadhoofika majumbani. Nyekundu si hukumu juu ya mama. Ni mwito wa kumsaidia.

Basi juma hili mtembelee mhudumu wa afya wa kijiji chako, au umwendee muuguzi wa zahanati, umwombe akufundishe kutumia utepe. Kisha bandika karatasi yako mahali ambapo baba, nyanya na watoto wote wataiona, karibu na mlango au karibu na jiko, mbali na moshi na maji. Waeleze wote maana yake, ili siku nukta itakapoangukia nyekundu, yeyote aliye nyumbani ajue kwamba safari ya kituoni ni ya siku hiyo hiyo.